Boti ya jeti ya futi 21 kwa Mtera: ya wazi, ya kati au ya kifahari?

Oktoba iliyopita tuliteremsha boti yetu ya futi 16 kwenye Bwawa la Mtera, upande wa Dodoma, na kabla haijagusa maji ilitubidi tuisukume hatua kama sabini juu ya tope ambalo mwezi wa tano lilikuwa bwawa. Tulikuwa wanne. Tope lilitufika magotini, ganda la alumini likawa linasogea kidogo kidogo kila tulipohesabu moja, mbili, tatu. Tulipolifikisha majini shemeji yangu alijifuta jasho, akaniuliza: "Sasa hiyo ya futi 21 unayoitaka, kaka, itasukumwa na nani?"

Swali lile limekaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Wikendi tunapeleka wageni wanaotoka Dodoma mjini, na katikati ya wiki tunafuata samaki kwenye kambi za wavuvi. Boti imetuzidia udogo. Ikipakia watu sita na makasha mawili ya barafu, ukingo unabaki kiganja kimoja tu juu ya maji. Hiyo si salama na nimeacha kabisa kupakia hivyo. Kuongeza ukubwa hakuepukiki. Lakini kila orodha ya bei niliyoifungua ina madaraja matatu ya vifaa, na pengo la fedha kati ya daraja na daraja si la kuchezea. Naandika kwa aliyekwama hapo nilipokwama mimi.

Nilichojifunza kwanza ni kuigawa orodha ya vifaa mafungu mawili: kilichozaliwa na boti, na kinachofungwa kwa boliti baadaye. Unene wa ganda, tangi la mafuta, aina ya jeti (pampu inayosukuma boti kwa maji badala ya propela), povu chini ya sakafu: hivyo vimezaliwa nayo, ukivikosa siku ya kununua umevikosa. Kivuli, taa, redio, viti, hata kipima kina: hivyo unaviweka mwaka wa kesho, Dodoma hapahapa, kwa fundi unayemjua. Wauzaji huchanganya mafungu haya mawili kwenye daraja moja, ndiyo maana mtu anajikuta amelipia spika ili apate ganda nene.

Mtera si mto wa New Zealand

Boti ya jeti tunayoijua leo ilikuzwa mwaka 1954 na Bill Hamilton, mfugaji na mhandisi wa New Zealand, aliyetaka kupita kwenye mito ya kwao yenye maji mafupi na changarawe, mahali ambapo propela ingevunjika. Jeti hufyonza maji kupitia mlango ulio chini ya boti, impela (feni ya ndani) ikayasukuma nyuma kwa nguvu. Hakuna kinachoning'inia chini ya ganda. Ndiyo sifa kubwa ya jeti, na sifa hiyo ilizaliwa kwenye maji safi yanayokwenda juu ya mawe.

Mtera ni kitu kingine. Bwawa lilijengwa kati ya 1975 na 1979 kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Likijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kikomo cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita nane na nusu inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye ardhi tambarare kama ya huku, ni ufuko unaokukimbia mwezi hadi mwezi na kukuachia tope. Miti iliyozamishwa wakati bwawa linajaa bado imesimama, mikavu, mingine ikichungulia nje ya maji na mingine ikijificha kiganja kimoja chini. Juu ya hayo kuna nyavu kila upande. Kwa hiyo chochote muuzaji anachokusifia, kipime kwa tope, visiki na nyavu.

Boti tatu ninazolinganisha

*Ya wazi.* Ganda la alumini la futi 20 au 21, sakafu tupu, mabenchi, na injini ya kupachika nyuma iliyovikwa jeti badala ya propela. Daraja la chini kabisa kwenye orodha nyingi.

*Ya kati.* Alumini pia, lakini injini iko ndani: mara nyingi V6 au V8 (silinda sita au nane) ya petroli yenye asili ya gari, ikizungusha pampu moja ya jeti. Ina kioo cha mbele, turubai la kivuli, kipima kina na betri mbili.

*Ya kifahari.* Faiba, futi 21 au 22, injini mbili na jeti mbili, viti vya povu, mnara wa kuvutia watu kwa kamba, skrini ya kugusa, muziki. Yamaha ndiyo inayojulikana zaidi kwa aina hii. Ndani ya ukubwa uleule wa futi 22 huuza madaraja kadhaa ambayo ganda ni moja, na kinachobadilika ni mnara, skrini, spika, zulia la sakafu na vifaa vya kusaidia usukani.

Nitazipima zote kwa mambo matano: ganda, nguvu na mafuta, kina na visiki na nyavu, fundi na vipuri, kisha watu na mzigo. Bei ya kununulia sijaiweka kama kigezo kwa kuwa inategemea umri wa boti, usafirishaji na ushuru wa siku hiyo. Iombe ikiwa jumla hadi Dodoma, ikiwa na trela.

Ganda

Kwa ya wazi, swali la kwanza ni milimita. Boti za alumini za kazi ya mitoni huwa na sahani ya chini ya milimita 4 hadi 6. Zile nyepesi za matembezi hushuka hadi milimita 2 au 3, na kwa macho zinafanana kabisa. Usikubali kuambiwa "ni nene". Taka namba kwa maandishi. Ganda la wazi likiwa jembamba, kisiki kimoja cha Mtera kinalikunja kama sufuria. Likiwa nene, linabonyea na safari inaendelea.

Ya kati kwa kawaida ina sahani nene zaidi kwa sababu inabeba injini nzito ndani. Hapa daraja lina maana ya kweli, si urembo.

Ya kifahari ni nzuri kukaa na kutazama, na chini yake iliyochongoka hukata mawimbi vizuri kuliko zote tatu. Udhaifu wake ni kwamba faiba haibonyei: inapasuka, na maji yakishaingia kati ya matabaka kazi inakuwa kubwa. Jua la kanda hii nalo halina huruma kwa rangi ya juu ya faiba, hivyo ihesabie banda au turubai zito la kuifunika. Cha kumtetea mwenye faiba ni kwamba kuiziba si uchawi. Ukiwa na resini, kitambaa cha faiba, msasa na fundi mvumilivu, ufa mdogo unarudi kuwa mzima.

Povu la kuelea chini ya sakafu liulizie kwa zote tatu. Boti iliyojaa maji lakini yenye povu hubaki juu mkaishikilia. Hili silo la kuahirisha.

Nguvu halisi, na petroli

Hapa ndipo wengi wanapotoka wakilalamika, kwa sababu hawakufanya hesabu mapema.

Injini ya kupachika ikivikwa jeti hupoteza karibu theluthi ya nguvu. Watengenezaji wenyewe hawafichi: injini ya HP 60 (nguvu za farasi) ikiwa na jeti huuzwa kama HP 40, na ya HP 115 huuzwa kama HP 80. Ongeza kimo. Injini ya petroli isiyo na kisukuma hewa (tabo) hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 za kupanda, na Mtera iko karibu mita 700. Hiyo ni asilimia 7 nyingine. Ile HP 80 inakuwa kama 74 kabla hujapakia mtu.

Na jeti haijui kubembeleza mzigo. Propela nzito inaweza kuburuta boti iliyojaa polepole mpaka ifike. Jeti inataka boti inyanyuke juu ya maji na iteleze. Ikishindwa kunyanyuka inakunywa mafuta, inapiga kelele na haiendi. Kwa hiyo boti ya wazi yenye injini ndogo ni hasara kubwa kuliko boti ndogo uliyonayo sasa. Ukichagua ya wazi, fedha uliyookoa kwenye viti ipeleke kwenye injini. Kwa futi 21 mimi nisingeshuka chini ya HP 115.

Kwa mafuta, kuna hesabu ya mkono inayotosha kupangia: injini ya petroli ikikazwa mwisho hunywa kama lita 4 kwa saa kwa kila HP 10. Ukiipunguza kwa mwendo wa kati, hushuka hadi nusu au theluthi. Basi ya wazi yenye HP 115 hunywa lita 45 kwa saa ikikazwa, na 15 hadi 22 kwa mwendo wa kati. Ya kati yenye V8 ya HP 300 na ya kifahari yenye injini mbili za HP 180 zote huvuka lita 100 kwa saa zikikazwa, na kwa mwendo wa kati zinacheza kwenye lita 40 hadi 70. Chukua saa zako za kawaida za safari, zidisha kwa lita, kisha kwa bei kikomo ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta) ya mwezi huo, na ufanye hivyo kabla ya kuangalia picha yoyote. Safari moja ya saa tatu kwa V8 inaweza kumaliza lita 120. Kama wageni wako hulipa kwa kichwa na huja wanne, ya kati na ya kifahari zitakula faida yako wikendi ya kwanza.

Tangi nalo limezaliwa na boti. Zile za kifahari za futi 22 huwa na tangi la lita 190 hivi. Kwa ya wazi, mara nyingi ni matangi ya kubebeka, na Mtera hiyo ni faida: unajaza kituoni barabarani, unabeba mpaka majini, bila kulazimika kuvuta boti.

Kina, visiki na nyavu

Zote tatu hazina propela, lakini hazilingani.

Ya wazi na ya kati zikiwa zimenyanyuka hupita kwenye maji ya kina cha kiganja na nusu. Zikisimama huzama sentimita 25 hadi 30. Ya kifahari ikisimama huzama kama sentimita 40, na miongozo ya watengenezaji wake huonya usikaze injini penye maji ya chini ya sentimita 90 kutoka chini ya ganda, kwa sababu jeti hufyonza mchanga na vijiti kama mfagiaji. Mwezi wa kumi na moja, kwenye mialo mingi ya Mtera, sentimita 90 unazipata ukiwa umeshatembea mbali kutoka ufukoni. Maana yake abiria wako wa boti ya kifahari watavua viatu.

Tope ni adui wa pili. Boti ya jeti hupozwa kwa maji yaleyale inayoelea juu yake. Kwenye orodha ya vifaa vya ya kati tafuta vitu viwili ambavyo wauzaji hawavisemi kwa sauti: chujio la mchanga kwenye njia ya maji ya kupoza, na mfumo wa kupoza uliofungwa, ambao injini ina maji yake yenyewe na maji ya bwawa yanapita pembeni tu kuyapoza. Vikiwa vya kulipia zaidi, lipia. Hivyo viwili kwangu vina thamani kuliko kila kitu kingine chenye waya.

Nyavu ndizo zilizonifundisha kuheshimu mlango wa kusafishia. Asubuhi moja tulikuwa tunarudi na samaki, mara injini ikapandisha mlio na boti ikalegea, kama gari linaloteleza klachi. Tulizima, nikachomoa ufunguo nikauweka mfukoni. Kwenye boti yetu ya futi 16 yenye jeti ya kupachika, njia ni moja: kuinua injini, kulala kifudifudi kwenye tezi na kuingiza mkono kati ya vyuma vya mlango wa chini. Nilikata kwa kisu kidogo cha kuparia samaki. Uzi wa nailoni wa nyavu ulikuwa umejizungusha kwenye shimo la impela mara nyingi hata umekuwa pete ngumu, na katikati ya pete kulikuwa na kibuyu cha boya kilichopondwa. Dakika arobaini, upepo ukitupeleka kwenye visiki, shemeji akisukuma kwa pondo tusigonge.

Ya kati nyingi, na za kifahari za miaka ya karibuni, zina mlango huo juu, ndani ya boti: unafungua kifuniko, unatia mkono au fimbo ya ndoano, unatoa uchafu ukiwa umesimama pakavu. Kwa Mtera hiki ndicho kifaa ninachokiangalia kwanza kuliko vyote. Injini mbili za ile ya kifahari zina utetezi wa ziada: jeti moja ikiziba unarudi taratibu kwa nyingine. Ya wazi ina utetezi wake pia, kwamba kila kitu kiko nje na kinainuka, hivyo hata mvulana anayeanza kazi anaona tatizo liko wapi.

Jambo moja lisemwe kwa wanaotoka kwenye propela. Jeti isiposukuma maji, haina usukani. Ukishtuka ukaona kisiki na kuachia mafuta ghafla, boti itaendelea mbele palepale ulipoielekeza. Madaraja ya juu ya boti za kifahari huongeza mapezi ya usukani kwa mwendo mdogo, na yanasaidia kweli unapokaribia mwalo wenye watu. Ya kati hurudi nyuma kwa nguvu kwa kushusha kikombe nyuma ya jeti, na inaweza kusimama kwa umbali mfupi. Ya wazi hurudi nyuma kwa unyonge. Jizoeze nayo penye maji mapana kabla ya kubeba mtu.

Fundi na vipuri

Ya wazi inashinda kwa urahisi wa injini. Mafundi wa injini za kupachika tunao, vipuri vya kawaida kama plagi, chujio na pampu ya maji hupatikana au huagizwa Dar es Salaam au Mwanza bila maelezo marefu. Sehemu ya jeti yenyewe inataka nidhamu: grisi kwenye beringi kila baada ya saa 10 za kazi, na kunoa ncha za impela kwa tupa zikiwa butu. Impela ya alumini ni ya kawaida. Ya chuma cha pua huuzwa kama nyongeza na kwa mchanga wetu inajilipa.

Ya kati inakupa injini ambayo fundi mzuri wa magari makubwa ya petroli anaielewa nusu yake. Nusu nyingine, yaani pampu ya jeti, mihuri yake na pete ya kuzunguka impela, inaagizwa. Nunua seti moja ya ziada siku hiyohiyo ya kununua boti.

Ya kifahari ina injini mbili, kwa hiyo plagi mara mbili, oili mara mbili, impela mbili, na mifumo ya umeme inayotaka kompyuta ya kusomea hitilafu. Skrini ikizima, baadhi ya mambo uliyoyalipia yanazima nayo.

Kwa alumini, usidhani kila mchomeleaji anaweza. Alumini huchomelewa kwa mashine na gesi ya argoni, na wengi tulionao wamezoea chuma. Mtafute huyo fundi, umwone akichomelea, kabla ya boti kufika.

Watu, mzigo na upepo wa mchana

Boti za kifahari za futi 22 huidhinishwa na mtengenezaji kubeba watu 10, na bila mafuta huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, trela bado. Hapo ndipo linaporudi swali la shemeji. Ya wazi ni nyepesi kuliko zote na ndiyo pekee ninayoweza kuifikiria ikisukumwa na watu juu ya magogo. Ya kati na ya kifahari zinahitaji gari la nguvu, trela lenye breki, na mahali pagumu pa kuteremshia ambapo hapageuki tope maji yakishuka.

Kwa makasha ya samaki, sakafu tupu ya ile ya wazi haina mpinzani. Unamwaga maji, unasugua, harufu inaondoka. Viti vya povu havisuguliki hivyo. Ya kati hubeba mzigo vizuri lakini kifuniko cha injini kinakula nafasi ya nyuma.

Upepo ukianza kuvuma mchana, chini bapa ya boti ya wazi inapiga mawimbi kofi baada ya kofi, na mama mjamzito au mzee hapaswi kuwa ndani. Kioo cha mbele cha ile ya kati kinakuokoa na maji ya usoni. Kwenye hili ya kifahari ndiyo tulivu kuliko zote.

Karatasi ni zilezile kwa zote: ukaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini), leseni ya chombo, na jaketi okozi kwa kila mtu aliyemo, za watoto zikiwa za saizi ya watoto.

Na propela je?

Ikiwa kazi yako ni kubeba mzigo mzito polepole kwenye maji ya kina, katikati ya bwawa, boti ya propela ya ukubwa uleule itabeba zaidi kwa mafuta machache. Wavuvi wengi wa Mtera wanaitumia na hawajakosea. Jeti ina maana kama njia yako ya kila siku inapita kwenye maji mafupi na vichwa vya visiki, au kama kuna watu wanaooga na kushuka karibu na boti.

Kulingana na hali yako

Kama unafuata samaki na kupeleka wageni wachache mara mojamoja, chukua ya wazi, ganda la milimita 4 au zaidi, injini ya HP 115, impela ya chuma cha pua. Kivuli kichomelewe Dodoma. Kipima kina nunua mwezi unaofuata, kifunge mwenyewe.

Kama wageni ndio kazi kuu na wanakuja wengi kila wikendi kwa bei inayolipa lita 120, na una gari la kuvuta, ya kati ndiyo itakayokupumzisha. Kwenye orodha ya nyongeza weka alama kwenye mlango wa kusafishia jeti, chujio la mchanga, mfumo wa kupoza uliofungwa na povu. Rangi na redio pita.

Kama ni boti ya familia au ya kampuni inayokuja mara chache, mwenye fedha ya kuitunza, na itateremshwa tu miezi bwawa limejaa, ya kifahari itawafurahisha watu na haitakuwa upotevu. Ndani yake chagua daraja la kati la vifaa, lenye mapezi ya usukani. Mnara ni wa kuvutia wanaoteleza juu ya maji kwa kamba, na kwenye bwawa lenye visiki na mamba sioni nani utamvuta.

Kama bado hujui utaitumiaje, baki na ndogo msimu mmoja zaidi ukiandika kwenye daftari kila safari: watu wangapi, kilo ngapi, saa ngapi, lita ngapi. Sisi tumeandika tangu Januari, na daftari linatuelekeza kwenye ya wazi, ingawa moyo wangu ulikuwa kwenye V8.

Yoyote utakayoichagua, nenda Mtera mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijaanza, ukiwa na uzito wa boti hiyo umeandikwa kwenye karatasi. Simama pale gari linapoweza kufika bila kuzama. Hesabu hatua hadi majini, kisha hesabu watu ulionao.